Mgeni Atalala Chini ya Maseno

Tangu Ayoma aolewe Kapsabet
chumba chake kimekuwa stoo ya vitu visivyo na mwenyewe:
ndoo ya rangi iliyoganda, gunia la mahindi,
kitanda cha futi tatu na nusu,
na kwenye fremu ya mlango, mistari ya kalamu
ya kimo chake, hadi miaka kumi na mitatu,
siku aliposema, sipimwi tena.

Leo nimeingia na rula.
Mita tatu na robo kwa mita mbili na nusu.
Mlango unafungukia ndani, kana kwamba fundi alijua nitakuja.
Nina daftari la hesabu, kurasa za miraba,
mraba mmoja sentimita kumi,
na penseli ninayoichonga kwa wembe
mpaka Dorsila anauliza: unachora, au unatengeneza mshale?

Nataka njia ya Butere.
Si ile kuu ya kutoka pwani, inayowekwa kwenye kalenda.
Hii ndogo, iliyotoka Kisumu bila makuu,
ikapanda mawe ya Maseno ikihema,
ikasimama hata pale ambapo hakuna aliyeshuka.

Lakini hesabu haina huruma.
Kwa kipimo cha themanini na saba kwa moja
Kisumu hadi Butere ni karibu mita mia nane:
reli ingetokea dirishani, ipite jikoni kwa jirani,
ivuke lami, irudi usiku imelowa.

Basi kifutio kikaanza kazi.
Kisiani ikatoka. Samahani, Kisiani.
Lela niliiacha hadi saa nne usiku,
nikaifuta taa ikiwa imezimwa.
Namasoli nimeibakishia kibao tu, bila jukwaa.
Yala sikuweza.
Baba alishika pointi pale miaka kumi na tisa,
na bendera yake ya kijani mama aliifua peke yake,
haikuchanganywa kamwe na nguo zetu.
Na Luanda sikuweza, kwa sababu ya mama mwenyewe
na sinia lake la njugu za kuchemsha
lililofika dirisha la behewa kabla ya uso wake.
Kwenye karatasi, Yala na Luanda
zimeachana sentimita arobaini.
Baba angeweza kumpigia mama mluzi.
Hakuwahi, nijuavyo mimi.

Zedekia, seremala wa Kibuye, akaja kuona.
Akaushika mchoro juu chini, nikamgeuzia.
Akasema: mkono wako unafika wapi?
Nikaunyoosha. Sentimita sabini, nikijikaza.
Akasema: basi usijenge kitu mbali kuliko hapo,
treni ikianguka huko nyuma utaita nani?
Akasema kona hiyo ni kali, behewa refu litalala.
Akasema mlangoni tia daraja la kuinua, lenye bawaba.
Kwa maneno hayo nimelipa chai na maandazi matatu;
plaiwudi bado hatujataja bei.

Dorsila hana ugomvi na Butere.
Ana ugomvi na kitanda.
Wageni walale wapi? Dada yangu Anzetse alale kwenye reli?
Usiku kucha nimefuta na kuchora,
nikainua meza hadi kimo cha kifua changu,
nikasukuma kitanda chini yake.
Mgeni atalala chini ya Maseno,
kichwa chini ya Luanda, miguu Yala,
na akiamka ghafla ataugonga mwinuko.
Dorsila akaangalia. Hakusema ndiyo.
Alisema: shuka lazima ziwe safi.

Reli sina bado, hata ya kiganja kimoja.
Nina kichwa kimoja cha treni, gurudumu moja pungufu,
nilichouziwa na kijana aliyedhani ni kikwaruzo cha sabuni.
Jioni nachora mstari kwa chaki sakafuni,
napiga magoti, magoti yanalia kwa niaba ya injini,
nakisukuma kwa kidole, polepole kwenye kona,
napita mguu wa kitanda, napita gunia,
nafika fremu ya mlango, kwenye mstari wa miaka sita.

Umefika wapi? anaita kutoka jikoni.

Luanda bado, nasema. Tumesimama. Sijui kwa nini.